Duka Lisilo na Mlango

Mwanangu Salima,

Nakupa salamu zangu mkononi leo, maana kuanzia kesho zitakuwa zinapita kwenye simu. Umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka uwe umekula na kubebeshwa. Nami nimefunga banda mapema. Vijana wako nje wanagonga bati, wanaita, "Mama Salima, hata gemu moja tu!" Nimenyamaza kama sipo. Nimekaa kwenye kiti cha cherehani, karatasi iko juu ya meza ya kukatia vitambaa, nakuandikia.

Sikuandikii habari za kufunga mlango, wala za kula kwa wakati, wala za nani wa kumwamini huko Dar. Hayo shangazi yako atakwambia ukishuka tu kwenye basi, mpaka masikio yakuwashe. Nataka kukusimulia mambo unayoyajua, ila kwa jinsi nilivyoyaona mimi. Unakwenda kufanya kazi ya kusoma manung'uniko ya wacheza gemu, asubuhi hadi jioni. Watakuandikia wakiwa wamekasirika. Sasa mtu aliyekasirika anavyokuwa moyoni mwake, hilo naweza kukueleza, kwa sababu nilikuwa mmoja wao, na wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu.

Ulikuwa bado unavaa sketi ya shule ya msingi nilipoanzisha banda. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani tu hapa mjini Masoko, na kazi ya sare ina msimu wake. Shule zikikaribia kufunguliwa hulali, halafu miezi inapita unashona viraka. Baba yako alikuwa kwenye lori, anabeba ufuta kutoka Likawage, na barabara ile ikinyeshewa mvua tulikuwa hatujui atarudi lini. Ndipo fundi mmoja wa simu aliyekuwa anahamia Mtwara akaniuzia mashine yake ya gemu pamoja na televisheni ile yenye mgongo. Sikujua hata kuiwasha. Nilichojua ni kwamba kila nikipita kwake nilikuta vijana wamejaa mpaka mlangoni, na wametulia kuliko nilivyowahi kuwaona wametulia popote.

Watu walisema. Mwanamke mtu mzima, na ushungi wake kichwani, anafungua banda la gemu! Jirani mmoja alikuja kunishauri kwa upole nifungue mgahawa. Nikamwambia kupika sijui, amuulize mume wangu. Akacheka, nami nikacheka, na siku ya pili nikatundika kibao.

Nilipiga marufuku kamari, matusi, kupiga kelele, na mwanafunzi kuonekana pale saa za masomo. Hilo la wanafunzi walijaribu kunichezea. Walikuja wamevua tai, wengine wamegeuza shati ndani nje. Walisahau kwamba mashati yale niliyashona mimi. Mshono wangu naujua hata nikiushika kwa nyuma. Nilikuwa nawakamata kola na kuwatoa, na mama zao sokoni wakisikia wananiletea mihogo ya shukrani. Ndivyo Masoko ilivyonizoea.

Katika wateja wa mwanzo alikuwamo Bakari, dereva wa bodaboda wa pale stendi. Wewe ulimwita kaka tangu siku ya kwanza, na yeye akakuchukua kama mdogo wake. Bakari alikuwa na sanduku la mbao lililojaa sidii za gemu. Kila akienda Lindi au Dar anarudi na sidii, na kila sidii ina hadithi: hii alibadilishana na mtu wa Kivinje, hii aliuziwa na baharia, hii aliazima akakataa kuirudisha. Alikuwa anazifuta kwa kitambaa cha miwani. Mimi mwenyewe nilimshonea mfuko wa kulifunika sanduku lile lisiingie vumbi. Kwa miaka banda letu lilikula sidii za Bakari na zangu chache, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba gemu inaweza kuwa kitu kingine zaidi ya kile kisahani kinachong'aa.

Halafu wewe ukamaliza kidato cha nne, ukaanza kushinda bandani, na siku moja ukaniambia, "Mama, mashine za sasa hazina pa kuingizia sidii. Gemu unainunua kwenye duka la mtandaoni, unalipia, inashuka yenyewe."

Nikakuuliza, "Hilo duka liko wapi?"

"Haliko mahali, mama. Liko mtandaoni."

"Duka lisilo na mlango. Sasa nikidhulumiwa nitagonga wapi?"

Ukacheka. Lakini Bakari alikuwa amesikia, akaweka padi ya kuchezea chini. "Mama Salima, usikubali. Mimi sidii yangu nikiichoka namuuzia mtu. Nikiipenda namwazima rafiki. Nikifa leo mdogo wangu atalichukua sanduku zima. Hiyo ya mtandaoni yako ni ipi? Umekodi hewa."

Mwalimu Joakim alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri zamu. Unamjua alivyo, Mmakonde wa Newala, hesabu anafundisha sekondari kwa sauti ile ile anayotumia kushangilia goli. Akasema, "Bakari, nusu ya sidii zako zinakwaruza. Juzi umeipaka dawa ya meno mbele yangu ili isome. Na ukitaka gemu mpya, mpaka mtu wa Dar aikumbuke na basi lifike. Mimi kule mtandaoni nimepata gemu iliyotengenezwa na watu wawili tu, gemu ambayo hakuna mfanyabiashara angeileta huku. Nimeinunua siku ya punguzo, kwa bei ya chai na maandazi."

"Na mtandao ukikatika?"

"Na umeme ukikatika, sidii inacheza?"

Banda zima likapasuka kwa kicheko. Kijana mmoja akaropoka kwamba bando lake lote linaliwa na masasisho, kila akifungua gemu inaomba kupakua kitu. Mwingine akasema duka lile liliwahi kuondoa gemu aliyokuwa anaitaka, alipokwenda kuinunua akakuta haipo tena. Mwingine akasema yeye hajali, mradi asibebe kitu mfukoni. Walibishana mpaka adhana ya Magharibi ikawatawanya.

Sasa nikwambie nilivyokuwa nawasikiliza. Nilikuwa natafuta nani mshindi. Nilidhani mmoja ana haki na mwingine hana, na kazi yangu ni kumjua mwenye haki ili niweke pesa yangu kwake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba Bakari alikuwa anasema kweli kuhusu kitu chake, na Mwalimu anasema kweli kuhusu muda wake, na hizo kweli zilikuwa zimekaa benchi moja bila kugusana.

Basi nikanunua mashine mpya. Kosa nililofanya baada ya hapo ulilishuhudia. Duka la mashine ile halikuwa na nchi yetu kwenye orodha yake. Kulikuwa na kijana wa Kariakoo aliyekuwa anawafungulia watu akaunti kwa jina lake, anachagua nchi ya mbali, anaweka barua pepe yake, anakukabidhi neno la siri. Ukaniambia, "Mama, tusubiri kidogo, nitafute namna ya kuifungua kwa jina letu." Mimi nikasema sikukuu inakaribia, watu watajaa, hatuwezi kusubiri. Nilikuwa na haraka tu, lakini mbele yako nikaiita akili ya biashara. Wewe ukatii kwa heshima. Laiti ungenipigia kelele.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, tusikatae. Televisheni bapa ikaja, banda likapakwa rangi ya samawati, na gemu zikawa nyingi kuliko tulizoweza kucheza. Wasichana wakaanza kuja, maana zilikuwepo gemu za mafumbo, za kulima na za kujenga miji, si mpira tu. Na mimi ndipo nilipoanza kucheza. Siku ya kwanza mlinicheka. Lakini mikono iliyozoea kutia uzi kwenye tundu la sindano haisumbuliwi na vitufe. Haukupita muda nikamfunga Mwalimu Joakim mbele ya wanafunzi wake, akaomba marudiano, nikamfunga tena. Sijasahau sura yake.

Na ikaja ile Ijumaa. Watu wametoka msikitini, wamejaa, sikukuu iko mlangoni. Ukawasha mashine, ikaandika kwamba akaunti imefungwa. Kila gemu ikawa na alama ya kufuli. Tukampigia kijana wa Kariakoo, simu haipatikani, na haikupatikana tena. Baadaye tulikuja kujua kwamba jina lake lilitumika kwenye akaunti nyingi mno na duka likazifunga zote kwa mpigo, ya mwizi na ya mtu safi.

Nilisimama katikati ya banda na watu wote wananiangalia. Najua nilivyosema, nawe unajua: "Haya! Wewe na mtandao wako!" Nilikusema wewe, wakati kijana wa Kariakoo nilimleta mwenyewe. Uliipindua mashine, ukaanza kunakili namba zilizo tumboni mwake. Mimi ningekuwa wewe ningetoka nje nikalie. Wewe ulikuwa tayari unafanya kazi.

Bakari angeweza kutusimanga siku ile, na alikuwa na haki. Alichofanya ni kuwasha pikipiki na kuondoka. Nikajua tumempoteza. Kumbe amekwenda kwake, akarudi na sanduku lake kalifunga nyuma ya pikipiki, akaniambia, "Mama Salima, ile mashine ya zamani uliyofunika kwa kanga, toa." Tukaitoa, tukaipuliza vumbi, ikawaka. Sikukuu yote ile watoto wa Masoko walicheza sidii za Bakari, zikikwaruza, zikigoma, wakizipiga kofi na kushangilia. Bakari akakaa kwenye kiti changu kama bwana harusi. Kila baada ya muda ananigeukia, "Lakini mimi nilisema au sikusema?" Nami namjibu, "Ulisema, baba, ulisema."

Baada ya sikukuu ukaanza kuliandikia duka. Jibu la kwanza likaja haraka, nikafurahi. Jibu la pili likaja lile lile, neno kwa neno. Ukaniambia, "Mama, anayejibu hapa ni mashine." Nikakuambia uandike kwamba wao ni wezi, kwamba nitawashitaki, kwamba Mungu anawaona. Nilikusimamia begani nikikutamkia, unakumbuka? Ukaandika, halafu ukanisomea, na nikasikia maneno yaliyotulia: sisi ni nani, tulinunua nini, siku gani, mashine yetu ina namba gani, aliyetufungulia akaunti ni nani na kwa nini tulimtumia, na kwamba nchi yetu haimo kwenye orodha yenu, mlitaka tufanyeje? Nikakuuliza, "Na hasira yangu iko wapi?"

"Ipo mama. Nimeiweka mwisho, ili wasome mpaka wafike."

Uliwaandikia tena na tena. Mimi nilikata tamaa kabla yako. Nilikwisha anza kumtafuta mtu wa kuinunua ile mashine, na hilo sikukuambia mpaka leo. Kisha asubuhi moja likaja jibu lenye jina la mtu. Mtu wa kweli kabisa, ana samahani yake na ana maswali yake. Akauliza jambo ambalo mashine isingeuliza: "Wanaocheza hapo kwenu ni wangapi, na sasa wanacheza nini?" Ukamjibu habari za Bakari na sanduku lake. Nadhani huyo mtu alicheka kule aliko.

Siku akaunti iliporudi, mwanangu, nilikuwa nashona suruali. Nikasikia yowe. Nikadhani umepigwa na umeme. Nikaingia mbio na mkasi mkononi, nikakuta kufuli zinaondoka moja baada ya nyingine kwenye kioo, na vijana wamepanda juu ya mabenchi, na Mwalimu Joakim anamkumbatia Bakari, Bakari naye anakumbatiwa. Wanawake wa sokoni walikuja na ndoo za maji wakidhani banda linaungua. Na juu kabisa ya kioo, pale palipokuwa na jina la yule kijana, limeandikwa jina langu. Herufi zote. Nikavunja amri yangu mwenyewe ya kutopiga kelele bandani, nikapiga kigelegele mpaka sauti ikakauka. Nikakuomba radhi pale pale, mbele ya wale wale waliosikia nilivyokusema, na ukanambia, "Mama, kaa ucheze." Tukacheza.

Mimi nilidhani yameisha. Kwako ndiyo yalikuwa yanaanza. Ulieleza kwenye kundi la wachezaji mtandaoni, kwa Kiswahili chepesi, jinsi tulivyoipata akaunti. Watu wakaanza kukuandikia. Kijana wa Lindi amelipia gemu na haishuki. Binti wa Mtwara ameibiwa akaunti. Mzee mmoja wa Nyangamara, mkulima, amemnunulia mjukuu wake gemu kwa simu na hajui imekwenda wapi. Ulimpigia, ukaanza na shikamoo, akaitikia marahaba ndefu, ukamwelekeza kitufe kwa kitufe kwa nusu ya siku, na mwisho tukasikia mtoto anapiga kelele kwa nyuma. Hakuna aliyekulipa. Nilitaka kukuuliza unapata nini. Nikakuangalia usoni, nikaacha.

Ndipo wakakupigia wale wa Dar. Duka dogo la gemu la mtandaoni, la vijana wa hapa hapa nchini, linajiandaa kufunguliwa, watu walipie kwa simu, nchi yetu iwe ya kwanza kwenye orodha. Wamesoma majibu yako kwenye kundi. Wanatafuta mtu wa kuwajibu wateja na kuwaambia wakubwa wateja wanasema nini. Usaili kwa simu, saa za mchana, banda limejaa. Nilitaka niwafukuze wote. Ukasema waache.

Yule dada aliyekuwa anakusaili akakuuliza, "Salima, kwa maoni yako, wachezaji wanayapenda maduka ya mtandaoni au hawayapendi?"

Ukasema, "Naomba dakika moja, dada." Ukaweka sauti ya nje, ukaisogeza simu kwenye benchi. "Kaka Bakari, Mwalimu, mwambieni huyu dada mnavyoona."

Nilijifunika uso kwa ushungi. Nikasema kazi imekwenda hiyo. Wakaanza kwa adabu, shikamoo na habari za kazi, halafu wakaisahau simu kabisa, wakabishana kama siku zote. Mwalimu akapiga meza. Kijana wa bando akaingilia na bando lake. Na Bakari akasema neno lililonifanya nifunue uso: "Mimi sina ugomvi na mtandao. Ugomvi wangu ni mtu kuniuzia kitu halafu ufunguo akabaki nao yeye."

Mwalimu akamjibu, taratibu safari hii, "Na mimi sina ugomvi na sidii. Ugomvi wangu ni kusubiri."

Kisha yule dada akauliza, "Salima, hawa umewapanga?"

"Hapana, dada. Hapa kila siku ni hivi." Ukaivuta simu karibu. "Huyu wa kwanza anataka kuazima. Wekeni mahali pa kuazimana gemu, mtu ampe mwenzake kama anavyompa sidii, naye mtampata. Na gemu mkiiondoa dukani, aliyekwisha kuinunua abaki nayo. Huyu wa pili mnaye tayari, ila msimchoshe na masasisho."

Salima, nimeshona nguo za watu wakubwa, nimekaa kwenye mikutano na viongozi wa wilaya. Sijawahi kusikia mtu anasema jambo kubwa kwa sauti ndogo namna ile. Kazi hawakukupa siku ile, lakini mimi nilijua. Niliendelea kujua mpaka walipopiga tena.

Habari ilipoenea, Bakari akasema pale stendi, "Basi na Salima naye kawa mmoja wao." Likakufikia, na niliona lilivyokuchoma. Hukulala vizuri. Nikamfuata stendi, nikapanda nyuma ya pikipiki yake kama abiria, nikamwambia anizungushe popote. Tukafika mpaka njia panda ya Nangurukuru ndipo akasema. "Mama Salima, mimi sijakasirika. Nampoteza mtu wa kubishana naye. Mwalimu peke yake hanitoshi." Nikamwambia akwambie mwenyewe. Akasema hawezi. Basi nakwambia mimi.

Ndiyo maana nasema, wakikuandikia kwa hasira, usimwite mtu mlalamishi. Yupo atakayetukana kwa sababu ana tabia ya kutukana, huyo mwache apite. Lakini wengi watakuwa ni Bakari, na baadhi watakuwa ni mimi, nimesimama katikati ya banda na watu wananiangalia. Mimi nilipotoa maneno mabaya siku ile, nilikuwa naona aibu. Na siku wakubwa wako watakapokuuliza tena wateja wanapenda au hawapendi, usifanye haraka kama mama yako kuwatafutia jibu moja la kubeba mfukoni.

Ngoja. Kuna mtu anagonga, na si kugonga kwa vijana. Anaita jina langu kamili.

Nimerudi. Naandika haraka haraka, utanisamehe mwandiko.

Alikuwa Bakari. Lile duka lenu la majaribio, ulilomwekea kwenye simu yake juzi akalitia mfukoni na kusema ataona, leo ameona. Amesimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki bado kichwani, ananionyesha kioo. Amenunua gemu. Kwa jina lake mwenyewe, kwa pesa ya kwenye simu yake. "Sasa nataka kumwazima Mwalimu, kwa ile sehemu aliyoiomba Salima," akasema. "Hapa mbele yako, Mama Salima, ikishindikana uwe shahidi."

Nikafungua banda. Vijana wakamiminika ndani. Bakari akakaa, akavua kofia, akatafuta jina la Joakim, akabonyeza kwa kidole kimoja huku amefumba jicho kama mtu anayechomwa sindano. Tukasubiri. Simu ikalia. Ni Mwalimu, yuko kwake anasahihisha madaftari, anapiga kelele mpaka tukamsikia bila sauti ya nje: "Imefika! Ipo kwangu! Bakari, kwako ipo?"

Bakari akaangalia kioo chake. Akapekua juu, akapekua chini. Akainua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Kwangu haipo," akasema. "Imekwenda kwake. Imekwenda kama nimempa mkononi."

Sijui nani alianza kupiga bati. Limepigwa lote, mbele na ubavuni. Wamemnyanyua Bakari juu mpaka akagonga kichwa kwenye boriti, akawa anacheka anajishika utosi. Wamelitaja jina lako, Salima, wamelitaja kwa wimbo waliotunga hapo hapo na ambao hauna hata vina. Wasichana wa gemu za mafumbo ndio waliokuwa mbele. Mwalimu amekuja mbio na kalamu nyekundu sikioni. Ameingia anadai ile gemu ni ya kwake sasa, na Bakari anadai airudishe kesho asubuhi, na wameanza upya, wako hapa nyuma yangu wanabishana nikiandika.

Bakari amesoma begani kwangu. Anasema, "Mwandikie kwamba mimi bado napenda sidii."

Nimekuandikia. Mwalimu naye anasema nikuandikie kwamba Bakari amelia. Bakari anasema ni vumbi.

Ningeendelea, yapo mengi, lakini hawaniachi. Wameunganisha simu ya Mwalimu kwenye televisheni kubwa, wamenivuta kiti, wamenitia padi mkononi. Wanasema mchezo wa kwanza kwenye duka la Salima lazima acheze mama yake, na wamejipanga mstari wa kushindana nami, Bakari mbele, Mwalimu nyuma yake, na vijana mpaka barabarani.

Nimewaambia wasubiri niweke sahihi. Nikimaliza hapa nakwenda kuwafunga wote.

Mama yako akupendaye,
Mwajuma, fundi cherehani na mwenye banda